Dohani Nyuma ya Paa

Jaël alianguka asubuhi, beseni likiwa mkononi, na unga wote ukamwagika kwenye sakafu ya jikoni. Mama yake, Mélanie, hakujua aanze na lipi, kumwinua binti au kuokoa unga, maana naye kichwa kilikuwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Akakaa palepale chini, akaanza kulia. Floribert, baba wa nyumba, alitoka chumbani akijishikilia ukutani. Akambeba binti yake mpaka uani, akamlaza juani kwenye mkeka, na baada ya muda msichana akafumbua macho na kuomba maji.

Aliyeleta maji ni Kaku. Ndivyo wajukuu wa Kiluba wanavyomwita bibi, na mtaa mzima nao ulimwita hivyo, ingawa jina lake ni Germaine. Alitoka kwenye chumba chake cha nyuma ya nyumba, kitenge kimefungwa vizuri, macho maangavu, mwendo wa mtu aliyelala akashiba usingizi. Akamnywesha mjukuu, akampangusa unga kwenye paji la uso.

"Na weye, Mama," Mélanie akauliza kutoka mlangoni, "kichwa haikuume?"

"Hapana, mwana yangu. Minye nililala muzuri."

Mélanie alimtazama mama yake kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Floribert aliuona mtazamo ule na hakuupenda. Mume mwenye busara haingii kati ya mama na binti yake, alijiambia. Woga una majina mengi mazuri, na hilo ni mojawapo.

Ugonjwa ule ulikuwa umeingia na baridi, ile baridi ya Likasi ya mwezi wa sita inayowafanya watu wazibe madirisha kwa magunia. Zamani Mélanie alikuwa anaoka mikate yake uani, akipigwa na upepo. Mwaka huu mumewe alimtengenezea jiko la kuni la chuma, moto chini, tanuri juu, akaliweka ndani jikoni na kulipigia bomba la kutolea moshi mpaka nje ya paa. Mkate ulitoka vizuri, na jioni, kuni zikishakuwa makaa, mlango wa jiko uliachwa wazi ili nyumba ipate joto. Makaa hayana moshi. Nani atalalamikia makaa wakati wa baridi?

Floribert alikuwa fundi wa chuma, na majiko ya namna ile ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Alikuwa ameyaweka katika nyumba nyingi za mitaa ya Kikula na Panda, na watu walimsifu kwa jambo moja hasa. Mjini kwao chuma kinachosimama juu ya nyumba hakikai; vijana wa chuma chakavu hupita mchana wakiangalia mapaa, na usiku hurudi na misumeno. Kuna kanisa ambalo msalaba wake wa bati uliuzwa kwa kilo, na waumini hawajui mpaka leo umegeuka sufuria ya nani. Floribert akabuni hila yake: dohani zake alizitoa upande wa nyuma wa paa, akazikata fupi, zikaishia chini ya mgongo wa paa. Mtu akipita barabarani haoni kitu. Wateja wakasema huyu fundi ana akili, naye akakubaliana nao.

*

Papa Ruffin alikuja siku ya pili. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaa, mtu mpole, mwenye koti moja lililopigwa pasi, na alikuwa amezika watoto wake wawili bila kujua kilichowaua. Mtu aliyezika hivyo hutafuta sababu kila mahali. Aliketi sebuleni, Biblia magotini, akauliza kama daktari anavyouliza.

"Mukiwa kwetu ku maombi, munajisikia aje?"

"Muzuri, Papa Ruffin," Mélanie akajibu. "Kichwa inaisha kabisa. Tukirudia hapa, tukilala, asubui inaanza tena."

"Donc bugonjwa haiko mu mwili yenu. Iko mu nyumba." Akafikiri. "Na munyumba hii, ni nani haumwi?"

 Nje Kaku alikuwa anafagia ua, na fagio lake lilisikika vizuri sana.

"Analala wapi, yeye?"

"Ku annexe, kule nyuma," Floribert akasema. "Ni desturi, Papa Ruffin. Ni mukwe yangu. Shiye Baluba, mwanaume na mama ya muke yake habalale chini ya paa moja. Hata kumuangalia mu macho, hapana. Ni heshima."

"Heshima iko muzuri," Ruffin akasema taratibu. "Mais adui naye anajua kujificha mu heshima."

Floribert alitaka kusema neno. Kichwa kilimuuma, na maneno ya kumtetea mama mkwe mbele ya watu hayamtoki mwanaume wa Kiluba kwa urahisi. Atamtetea vipi mtu ambaye hata jina lake halitamki? Akainamisha macho. Mélanie akaona ameinamisha macho, akaelewa alivyotaka kuelewa.

Kuanzia siku ile mambo yakaanza kubadilika, na hakuna aliyetangaza kitu. Kikombe cha Kaku kikawekwa peke yake dirishani. Jaël, aliyekuwa anakwenda annexe kila jioni kusukwa nywele, akasema ana masomo. Wanawake waliokuja kununua mikate wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama Jaël, ile mukate nani aliikanda?" na Mélanie akajibu haraka, "Minye tu, minye moja." Kaku alilisikia jibu lile. Alikuwa ndiye aliyemfundisha binti yake kukanda. Hakuingia tena jikoni. Akawa anakaa mlangoni mwa chumba chake akichambua maharage ambayo hakuna aliyemtuma ayachambue, na sahani yake ya chakula ikawa inaletwa na kuwekwa chini mbali kidogo, kama anavyowekewa mgeni mwenye mbwa mkali.

*

Cyrille, karani mmoja asiye na mke, alimwita Floribert kwake Panda kwa sababu mlango wa jiko lake ulikuwa umelegea. Floribert akaenda na baiskeli, akapiga magoti jikoni kwa yule karani, akaanza kukaza bawaba.

"Na kuku yako?" akauliza, kwa kuwa safari iliyopita jikoni mle mlikuwa na kizimba cha kuku.

"Ilikufa, papa. Yote. Niliiweka hapa juu ya baridi, asubui nakuta imelala miguu juu. Nilisema ni maladi ya kuku. Mais ile ilibakia inje, hata moja haikukufa."

"Na weye mwenyewe?"

"Minye niko tu. Kichwa inaniuma asubui. Nikifika ku bureau, inaisha."

Floribert alicheka kidogo, kama watu wanavyotania juu ya wachawi. "Pengine uko na mulozi mu nyumba."

"Mulozi gani?" Cyrille naye akacheka. "Nakaa minye moja tu. Kama mulozi iko, ni minye."

Bisibisi ikasimama mkononi mwa Floribert. Alibaki amepiga magoti, anaangalia mdomo wa jiko, makaa ya asubuhi yakiwa bado mekundu chini ya majivu, bila moshi. Kisha akatoka, akaomba ngazi, akapanda. Dohani ilikuwa pale alipoiweka, fupi, imejificha nyuma ya mgongo wa paa. Upepo wa baridi ulikuwa unatoka upande wa barabara, unapanda paa, unavuka mgongo na kushuka upande wa pili. Alikusanya majani makavu yaliyokwama kwenye bati, akayawasha kwa kiberiti, akayasogeza karibu na mdomo wa bomba. Moshi wa yale majani haukupanda. Uliinama, ukaingia ndani ya bomba, ukashuka zake kuelekea jikoni.

Akagonga bomba kwa spana. Sauti ilikuwa nzito; masizi yalikuwa yameliziba mpaka likabaki tundu dogo, maana hakuna mteja aliyewahi kuambiwa kwamba dohani inasuguliwa. Kila mtu Likasi anajua kwamba mtu halali na mbabula, lile jiko dogo la makaa, chumbani, atakutwa asubuhi amekufa. Floribert naye alijua hivyo toka utotoni. Alidhani bomba linatosha kuleta tofauti, na bomba lake lilikuwa linarudisha ndani hewa ileile inayoua, bila harufu na bila rangi.

Alihisi aibu mpaka masikioni. Na baada ya aibu, ole wake, ikaja hesabu.

"Usiwashe moto mpaka nirudie," alimwambia Cyrille. "Nitaleta kipande ingine ya tuyau."

"Juu ya nini?"

"Juu ya... ikuwe na nguvu zaidi."

Njia nzima alikanyaga baiskeli akiwaza. Akisema ni dohani, nani atanunua tena jiko kwake? Watasema Floribert alikuwa anawauzia watu kifo. Lakini akizirefusha zote kimyakimya, nyumba baada ya nyumba, akaita ni matengenezo ya bure, hakuna atakayeumia wala atakayejua. Na nyumbani kwake, ugonjwa ukiisha, maneno juu ya Kaku nayo yatakufa kwa kukosa chakula. Alifurahia werevu wake tena. Mtu hajifunzi kwa siku moja.

*

Jumamosi mchana Ruffin aliwaita wote kwenye maombi, na safari hii alisema Kaku naye aje. Floribert alisingizia kichwa, akabaki. Walipotokomea tu, akaweka ngazi. Alizibua bomba kwa burashi ya nyaya aliyoifunga kwenye fito, na masizi yakajaa ndoo mpaka juu. Akaongeza vipande, ncha ya kila kipande cha juu ikiingia ndani ya kile cha chini ili lami ya moshi isivuje nje, mpaka dohani ikapita mgongo wa paa na kusimama wazi kwenye upepo. Akaifunga kwa nyaya pande tatu. Akashuka, akaondoa magunia dirishani jikoni, akaoga haraka, na ndoo ya masizi akaificha nyuma ya choo, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Walirudi wanaimba. Mélanie alikuwa amevimba macho, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Papa Jaël, imeisha," akasema. "Mama alikubali."

"Alikubali nini?"

"Bulozi. Alikubali mbele ya bote. Baliomba juu yake mpaka akaanguka."

Nyuma yao Kaku alikuwa anavuka ua peke yake. Kitenge chake kilikuwa na vumbi la sakafu ya kanisa upande mmoja, na hakuna aliyemkung'uta. Akaingia annexe, akafunga mlango.

Asubuhi yake nyumba nzima iliamka haina maumivu. Jaël alikimbia uani akicheka. Mélanie alioka mikate huku anaimba, akawaambia wateja wote, na wateja wakapeleka habari mbele. Kesho yake hivyohivyo, na siku iliyofuata. Floribert alikunywa chai yake akiwasikiliza. Kupona kwao kulikuwa kumegeuka ushahidi, na ni yeye aliyeutengeneza kwa mikono yake. Dohani ilikuwa imesimama juu ya paa, inaonekana hata barabarani, lakini mtaa mzima ulikuwa unaangalia mlango wa annexe.

Kila asubuhi alisema atasema. Kila jioni alikuwa hajasema. Ndipo Mélanie akamwambia kwamba amempigia simu mjomba wake aliyeko Kambove, na kwamba Mama atakwenda kukaa huko.

"Ulimuambia mujomba nini?"

"Nilimuambia vile iko. Haifai kumutumia muntu mulozi bila kumuambia."

Kaku aliwahi kufukuzwa katika mji huu, zamani, pamoja na Wakasai wote, Waluba wenye asili ya Kasai, akalala stesheni na watoto mgongoni akingoja treni ambayo haikuja. Mmoja wa watoto wale alikuwa Mélanie. Alirudi baadaye akasema hatatoka tena Likasi mpaka abebwe. Sasa alikuwa anakunja vitenge vyake viwili, na hakuna mwanajeshi wala umati mlangoni, ni binti yake tu, aliyemsaidia kufunga furushi ili amalize upesi.

*

Teksi ya kwenda Kambove ilikuja asubuhi. Ruffin alikuja kuombea safari, na majirani wakajipanga kwenye ua wa miti, wengine na mikate mkononi. Kaku alikaa kwenye kiti cha plastiki, furushi miguuni. Floribert alikwenda nyuma ya choo, akarudi na ile ndoo, akaiweka katikati ya ua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya toka alipomwoa Mélanie: alichuchumaa mbele ya mama mkwe wake na kumtazama usoni. Jirani mmoja akaguna.

"Mama," akasema, "mu nyumba hii mulozi haiko. Ni minye."

Akaeleza. Alianza vibaya, akirukaruka, kisha maneno yakanyooka: wezi wa chuma, bomba fupi, upepo unaoshuka, masizi, makaa, annexe isiyo na jiko, kuku wa Cyrille. Akasema Jumamosi wakati wao wako kwenye maombi yeye alikuwa juu ya paa.

Ruffin alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole uleule. "Papa Jaël, tunaelewa. Unataka kumuficha mukwe yako. Ni muzuri. Mais yeye mwenyewe alikubali. Na kama ni cheminée, juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa na haya. Nilisema bantu habatanunua tena kwangu."

 Jaël ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua macho juu ya nyumba.

"Maman," akasema, "angalia. Ile tuyau haikukuwa murefu vile."

Wote wakaangalia juu. Mwanamke mmoja akauacha ua wa miti, akasogea, mkate kwapani. Floribert alimfahamu: Anne, mteja aliyewekewa jiko mwezi uliopita.

"Na kwangu?" akauliza. "Batoto yangu banatapika kila asubui. Weye ulikuwa unajua, na ulikuwa unapita na baiskeli yako pale mbele ya mulango, unanisalimia?"

"Nitakuya leo, Mama Anne. Sasa hivi."

"Usikuye. Nitaita fundi ingine." Akauweka mkate juu ya ndoo ya masizi, akaondoka karibu anakimbia. Wengine wawili wakamfuata, na kila mtu alijua nani mwingine ana jiko la Floribert.

Ruffin alikuwa bado anaangalia juu ya paa, Biblia imebanwa kifuani. Aliangalia muda mrefu. Pengine alikuwa anafikiria nyumba nyingine, na baridi nyingine, na watoto. Hakuomba ile sala ya safari. Akatoka bila kuaga, koti lake likimning'inia.

Mélanie alikuwa hajasogea. 

"Mama," akasema. "Mais ulikubali. Nilisikia na masikio yangu. Juu ya nini ulikubali?"

Kaku alimwangalia binti yake bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia.

"Ulikuwa unalia, mwana yangu. Ulinishika mikono, ukasema, Mama, kama unanipenda, kubali. Basi nikakubali." Akalivuta furushi karibu. "Na minye pia nilijiuliza. Bote munaumwa, minye siumwe. Nilisema pengine ni kweli, pengine ninatoka usiku bila kujua. Nilikaa macho usiku muzima juu ya kujichunga."

Mélanie alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akaanguka magotini, akashika miguu ya mama yake, vumbi na masizi vikamshika kwenye kanga. "Baki, Mama. Ninakuomba. Ile furushi niifungue."

"Nibaki na nani? Asubui ingine muntu akiumwa tumbo, bataangalia wapi?" Kaku aliinuka, akajishika kiuno. "Na kule Kambove banajua tayari. Uliwaambia weye. Kaka yangu ananingoja na ile maneno mu kichwa. Nikikawia, atasema nilikimbia."

Dereva akapiga honi. Floribert aliinua furushi, akalipeleka kwenye teksi, akaliweka kitini. Kaku akaingia, akafunga mlango wake mwenyewe. Floribert akachukua ngazi ukutani, akaiweka begani. Alitaka kwenda kwa Anne, akafukuzwe akishafika, na baada ya hapo kwa wote wengine. Hakuona aibu tena ya kupita nayo mchana. Alichoona ni kwamba ilikuwa nzito.

Mélanie alibaki uani amesimama, mikono mieusi. Ndani mikate ya asubuhi ilikuwa inaungua, harufu imefika mpaka barabarani, na Jaël akamwita mara mbili. Hakugeuka. Akavua kitambaa chake cha kazi, akamtupia binti yake, akaenda mbio akafungua mlango wa pili wa teksi na kuingia alivyo, bila viatu vya safari wala mkoba.

 Gari lilikuwa limeshaondoka, limeshapita soko la Kikula, ndipo Kaku alipolitoa furushi katikati yao na kulipakata mwenyewe, ili binti yake apate nafasi ya kukaa vizuri.

"Tukifika kule," akasema, akiangalia mbele, "utasema weye. Minye nilichoka kusema."